Pole Mara Mbili

Gunia la kahawa liliniangukia Shimanzi
mwaka ule Twaha anaota meno.
Leo Twaha ana kivuli cha sharubu
na gunia bado halijashuka mgongoni.

Mfupa uliunga. Daktari aliinua picha dirishani,
akaitazama kama mtu anayesoma barua isiyo yake:
"Hapa hapana kitu, bwana."
Nilitamani aone japo ufa,
japo mstari mwembamba kama unywele,
niende nao nyumbani nikawaonyeshe.

Maana nyumbani walishaanza.
Shemeji alisema ni uvivu uliovaa kanzu ya ugonjwa.
Mama mkwe akaandikisha kombe, nikanywa zafarani wiki mbili.
Mishi alinikanda kwa mafuta ya mbarika
hadi vidole vyake navyo vikauma,
tukawa wawili.
Pole, walisema majirani wa Guraya,
pole ngazini, pole msikitini, pole ya simu,
mpaka ile pole ikawa mlango unaofungwa taratibu.

Ndipo nikapelekwa Makadara, chumba cha feni bovu,
kwa Bi Mbeyu, mwanasaikolojia.
Nilikaa upande. Nikawahi kabla hajafungua kinywa:
"Mimi si mwendawazimu."
"Sijasema," akajibu. "Unaumwa wapi?"
Kisha: "Na ukiumwa, unaogopa nini?"
Miaka kumi na minne,
hakuna aliyewahi kuniuliza la pili.

Akasema nyama imepona, mishipa ya fahamu haijapata habari.
"Mtaani kwenu kuna gari lenye king'ora?"
Lipo. La Faraj, muuza vipuri.
Paka akirukia boneti saa nane za usiku
linalia kana kwamba linaibiwa na mwenyewe yumo ndani.
"King'ora ni cha kweli," akasema.
"Unakisikia, kinakunyima usingizi.
Mwizi ndiye hayupo."

Sikumwamini. Wiki ya tatu sikwenda.
Ya nne nikarudi na daftari alilonipa:
saa, nilichokuwa nikifanya, nilichokuwa nikiwaza.
Akapitisha kalamu kwenye Alhamisi zote.
"Alhamisi kuna nini?"
Nikasema hakuna.
Alhamisi ndiyo siku Badi wangu, aliyeko Doha, hupiga simu,
au hapigi.
Feni likakwaruza. Nililia kidogo, sitaficha,
na mgongo, mpelelezi yule, ukanyamaza kusikiliza.

*Maumivu sugu*, ameandika kwenye faili.
Nikatazama viganja: sugu za magunia.
Nikagusa kipaji: sugu ya sijda.
Kumbe mwili huu kazi yake ni kukariri,
kinachorudiwa sana kinaota ngozi.
"Basi turudie kingine," akasema Bi Mbeyu.

Dawa yake haina chupa.
Tembea hadi kwa Faraj, dakika sita za saa;
si mpaka uumie, si mpaka usiumie,
dakika sita. Kaa. Rudi.
Siku njema usijilipize ukabeba mitungi ya wiki nzima,
siku mbaya usijilaze kama maiti anayengoja sanda.
Nikamwuliza, nitaishi hivi mpaka lini?
"Pole," akasema. Nikakunja uso, hata wewe?
Akaongeza: "Pole."
Moja ni huruma.
Zikiwa mbili, ni mwendo.

Sijapona. Leo ni sita, jana ilikuwa saba,
Idi ilikuwa tisa, nikalala sakafuni
wageni wakiniruka na sinia zao.
Lakini juzi usiku king'ora kililia
na mgongo ukaitikia, kama kawaida yao.
Nikavuta pumzi hadi chini ya kitovu,
nikaiachia ishuke ngazi kwa miguu yake.

"Paka," nikasema.
Mishi akageuka: "Nani?"
"Paka tu. Lala."